Mtoto Jasiri Hulelewa na Wengi

Somo letu la leo linahusu watoto. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili ni akina baba na akina mama. Wengine ni mababu na mabibi wanaolea wajukuu. Mlijifunza kusoma mkiwa watu wazima. Kwa hiyo mnajua jambo ambalo waliosoma utotoni hawalijui vizuri. Kuingia darasa la kisomo ukiwa na mvi, ukashika chaki mbele ya majirani, na herufi nayo inakataa kukaa sawa, jambo hilo linataka ujasiri. Wapo waliochekwa. Wapo waliokimbia siku ya kwanza, wakarudi siku ya tatu. Ndio hao wanaosoma mistari hii sasa.

Tunataka kuzungumza juu ya ujasiri wa namna hiyo, ila kwa watoto wetu. Mtoto wa Kikristo hapa Kabwe, au kule juu Namanyere na Sumbawanga, anaupata wapi ujasiri? Anazaliwa nao? Anautiwa kwa fimbo? Au anaupata kwa watu anaoishi nao kila siku?

Ndugu zetu Waislamu ni majirani zetu hapa ziwani, na gazeti hili wanalisoma. Mifano mingi ya leo tumeitoa katika Biblia na katika historia ya Kanisa, lakini habari ya kulea ni yetu sote.

UJASIRI NI NINI?

Huku kwetu watu hupenda kumsifu mtoto asiyeogopa maji. Akiogelea mbali wanasema, "Huyu dume kweli!" Akirukia mtumbwi wakati mawimbi ni makubwa, wanapiga makofi. Na yule anayesema, "Mimi leo siendi, ziwa limechafuka," wanamwita mwoga.

Lakini hebu tuwaulize wavuvi wazee. Mzee aliyevua dagaa na migebuka kwa miaka mingi haondoki ufukweni bila kutazama mawingu. Upepo wa kusini ukianza kuvuma, anageuza chombo. Anaogopa ziwa, na ndiyo maana amezeeka. Yule asiyeogopa kitu chochote mara nyingi hakufika huko kwenye uzee. Basi, kuwa na woga si kosa. Mungu ametupa woga kama alivyotupa macho, ili tuione hatari.

Ujasiri ni kitu kingine. Ni kufanya lililo jema wakati woga upo. Mtoto anayesema kweli huku magoti yakimtetemeka, huyo ni jasiri. Mtoto anayekataa kushirikiana na wenzake kumcheka kilema, ingawa anajua na yeye atachekwa, huyo ni jasiri. Msichana anayemkatalia mtu mzima anayemtaka kwa mambo mabaya, halafu anakwenda kumwambia mama yake, huyo ni jasiri kuliko wote tuliowataja. Na yule kijana anayerukia mtumbwi kwenye dhoruba ili asifiwe? Huyo tumwite jina lingine.

MTOTO ALIYEKUWA NA HABARI MBAYA

Fungueni Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3. Wengi tunaijua hadithi hii tangu mafundisho ya dini. Mtoto Samweli amelala katika nyumba ya Bwana kule Shilo. Anasikia anaitwa. Anaamka, anakimbia kwa mzee Eli, kuhani. Eli anamwambia hakumwita, arudi kulala. Mara tatu mambo ni hayo hayo. Ndipo mzee anatambua kwamba Mungu ndiye anayemwita mtoto, akamfundisha namna ya kuitika.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoacha kuisoma. Tunafunga kitabu, tunawaambia watoto, "Mnaona, Samweli alikuwa msikivu." Lakini hadithi haijaisha. Twende mbele.

Ujumbe aliopewa Samweli usiku ule ulikuwa mzito. Ulihusu nyumba ya Eli mwenyewe. Eli alikuwa na watoto wawili wa kiume, Hofni na Finehasi, nao pia walikuwa makuhani. Walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka, na walikuwa wakiwakosea wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Eli alikuwa na habari. Aliwakemea kwa maneno, kisha akawaacha waendelee na kazi ile ile, mahali pale pale. Mungu alisema atawaadhibu.

Sasa mfikirieni yule mtoto. Amelelewa na Eli. Anakula kwa Eli. Asubuhi inafika, naye ana neno la kumwambia mzee huyo huyo, tena neno baya kuhusu watoto wake. Biblia inasema aliogopa. Alikwenda kufungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida yake, pengine akitumaini hataulizwa.

Ni Eli aliyefungua njia. Alimwita kwa upole kama mtu anavyomwita mwanawe. Akamwambia asimfiche lolote. Samweli akasema yote, hakubakiza hata moja. Na Eli alifanyaje? Hakumpiga. Hakusema, "Mtoto gani huyu asiye na adabu?" Alikubali kwamba neno lile limetoka kwa Mungu.

Sisi tunaona hapa funzo kubwa kuliko lile la usikivu. Ujasiri wa Samweli ulihitaji mtu mzima wa kuupokea. Kama Eli angeshika fimbo asubuhi ile, Samweli angejifunza kunyamaza, na pengine angenyamaza maisha yake yote. Eli alishindwa kuwalea wanawe, hilo ni kweli. Lakini asubuhi ile moja alifanya vizuri sana.

Tena tusimsahau mama yake, Hana. Alimtoa mwanawe akiwa mdogo, lakini hakumtupa. Kila mwaka alipokwenda na mumewe kutoa sadaka, alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Mtoto yule alijua kwamba yuko mtu anayeukumbuka urefu wa mikono yake.

NYUMBANI TUNAFUNDISHA NINI?

Haya, turudi kwetu. Mtoto amevunja chungu. Mama anauliza, "Nani kavunja?" Mtoto anasema, "Ni mimi, mama." Anapigwa. Kesho anavunja sahani. Mama anauliza tena. Safari hii mtoto anasema, "Ni paka." Hapigwi. Sasa mama huyu amefundisha nini? Amefundisha kwamba kweli inauma na uongo hauumi. Hakukusudia hivyo, lakini somo limeingia vizuri kuliko masomo yote ya shule.

Hatusemi mtoto asirudiwe. Aliyevunja chungu aokote vigae, na aende kuteka maji kwa chombo cha kuazima mpaka kingine kipatikane. Hiyo ni adhabu inayoeleweka. Lakini aliyesema kweli aambiwe, "Chungu kimenikasirisha. Kusema kweli umefanya vema." Maneno hayo ni machache, yanatosha. Tena mjue kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu za kikatili. Kumchapa mtoto mpaka ashindwe kukaa ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya serikali pia.

Jambo la pili ni vitisho. Sisi Waafrika tuna mazoea ya kumtisha mtoto ili atulie. "Nyamaza, fisi anakuja!" "Ukilia nitamwita nesi akuchome sindano!" "Polisi huyo!" Mtoto ananyamaza kweli. Lakini siku anaumwa homa kali, anapelekwa zahanati, na yule nesi ndiye adui aliyetajwa kila jioni. Mtoto anapiga kelele mpaka anatapika. Siku nyingine ameona ubaya unatendeka, anatakiwa aseme kwa polisi, naye polisi ni yule anayekula watoto watundu. Tumemfungia milango yote ya msaada kwa mikono yetu.

Na wengine wanamtumia Mungu kama fisi. "Mungu atakuchoma moto!" Basi mtoto anakua akimwogopa Mungu kama anavyomwogopa mchawi. Usiku hawezi kusali, maana hataki Mungu ajue kwamba yuko macho. Dini ya namna hiyo haizai watu jasiri. Mtoto asikie kwanza kwamba Mungu ni Baba, yuko naye gizani, na hasinzii. Habari ya hukumu ataielewa baadaye, akiwa ameshajua anapendwa.

Jambo la tatu ni kazi. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje polepole, asije akavunjika. Mpe mtoto kazi ndogo ya kweli. Mtume dukani na fedha kidogo, arudi na chenji, aihesabu mbele yako. Mwache amsalimie mgeni na kumpokea mzigo. Wakati wa sala ya jioni mpe zamu ya kuongoza, hata kama anakosea Baba Yetu katikati. Asichekwe. Daudi hakuanza na Goliathi. Alianza na kondoo wa baba yake, akapambana na simba na dubu huko machungani, na alipopewa mavazi ya vita ya mfalme Sauli aliyavua kwa sababu hakuyazoea. Alikwenda na kombeo lake. Mtoto naye aachwe aende na kombeo linalomtosha.

Lakini kazi ndogo ya kweli si kazi ya mtu mzima. Hapa ziwani tunaona watoto wakipelekwa kwenye vyombo vya dagaa usiku wa giza, wakati taa zinawashwa majini, na asubuhi wanasinzia darasani, au hawaendi kabisa. Sheria ile ile ya 2009 hairuhusu mtoto kuajiriwa kazi za usiku wala kazi za hatari. Baba asiseme anamfunza ujasiri. Anamfunza uchovu tu.

MKONO WA LWANGA

Wakristo wengi wa huku kwetu wanalijua jina la Mtakatifu Kizito. Watoto wanabatizwa kwa jina hilo, na vikundi vya vijana vinaitwa hivyo. Tuieleze habari yake kidogo, maana watu husikia juu ya moto tu, wasijue yaliyotangulia.

Mwaka 1884 Mwanga alipata ukabaka wa Buganda akiwa kijana. Katika jumba lake walitumika vijana wengi wa kiume. Mfalme alitaka baadhi ya vijana hao wafanye naye mambo machafu. Mkubwa wao, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alikuwa Mkristo, akawakinga wale wadogo. Tena alimlaumu mfalme kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana, mwezi Oktoba 1885. Yosefu mwenyewe aliuawa tarehe 15 Novemba mwaka huo. Aliyeshika nafasi yake katika kuwatunza vijana ni Karoli Lwanga.

Kizito alikuwa mdogo kuliko wote waliouawa pamoja, yapata miaka 14. Lwanga alikuwa akimficha ili mfalme asimpate. Mwezi Mei 1886 mambo yalipokuwa mabaya, Lwanga aliwabatiza usiku wale ambao walikuwa bado wakifundishwa, na Kizito alikuwa mmoja wao. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo aliogopa, na Lwanga akamwahidi kwamba wakati ukifika atamshika mkono. Walipoulizwa mbele ya kabaka ni nani Wakristo, walitoka pamoja, mkono kwa mkono.

Wakatembezwa kutoka Munyonyo mpaka Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Lakini Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kabla yao. Kwa hiyo Kizito alipofika kwenye moto, ule mkono haukuwapo tena. Hata hivyo hakurudi nyuma. Mwaka 1964, tarehe 18 Oktoba, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu.

Hatuwasimulii haya ili watoto wetu watamani kufa. Hapana. Mzazi mwenye akili anaomba mwanawe aishi. Tunataka mwone mambo mawili. Kwanza, vita vile vilihusu jambo ambalo lipo mpaka leo: mtu mkubwa mwenye uwezo anamtaka mtoto, na mtoto anakataa. Pili, mtoto yule hakupata ujasiri kwa kuambiwa, "Kuwa jasiri!" Alikuwa na kaka mkubwa aliyemkinga, akamfundisha dini, akamshika mkono. Ujasiri wa mkubwa ulihamia kwa mdogo kupitia mkono huo, ukabaki humo hata mkono ulipoondoka.

JIRANI YETU WA KAREMA

Hatuna haja ya kwenda mpaka Uganda kutafuta mifano yote. Kaskazini ya hapa Kabwe, kwenye ziwa hili hili, iko Karema. Siku hizi imo katika Mkoa wa Katavi. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji hapo mwaka 1885. Wakati huo misafara ya watumwa ilikuwa bado ikipita ziwani, na watoto wengi waliokombolewa walilelewa Karema.

Mwaka 1889 alifika hapo mtu mmoja mweusi aliyesomea uganga wa kizungu. Jina lake Adriano Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu katika Afrika ya Magharibi. Alipokuwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Kule Algeria wamisionari walimnunua ili kumpa uhuru. Walimsomesha, na baadaye alipelekwa kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Ndipo akaja kwetu akiwa mganga na katekista. Akamwoa Agnesi, mwanamke wa huku, na mmoja wa watoto wao akawa padre. Atiman hakurudi tena kwao. Aliwatibu watu wa pande hizi mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67 hivi.

Sisi hujiuliza: mtoto aliyeibwa kwa wazazi wake angekuwaje? Angeweza kuwa mtu wa chuki, asiyemwamini mtu yeyote. Au angekuwa mwoga wa kudumu. Yeye aliingia kwenye nyumba za wagonjwa ambao watu wengine waliwakimbia. Bila shaka tabia yake mwenyewe ilichangia, na neema ya Mungu. Lakini kulikuwa na watu pia. Wapo waliomkomboa, wapo waliomsomesha, na baadaye wapo waliomkabidhi kazi nzito na kumwamini. Hatusemi kila jambo la misheni za zamani lilikuwa jema. Wazee wanajua namna watoto wa misheni walivyobanwa kwa kengele na kwa amri. Ila hili la kumpa aliyeonewa elimu, halafu kumpa kazi ya heshima, lilikuwa jema, na matunda yake yalionekana kwa miaka mingi.

KANISA NI WATU

Katika Kanisa Katoliki kuna sakramenti inayohusu ujasiri waziwazi, nayo ni kipaimara. Wazee wanakumbuka kwamba zamani askofu, baada ya kumpaka kijana krisma, alimgusa shavuni kwa kofi jepesi. Maana yake ilikuwa kumwambia awe tayari kuvumilia kwa ajili ya Kristo. Desturi hiyo iliondolewa ibada ilipotengenezwa upya mwaka 1971. Watoto wa siku hizo walitetemeka wakiingoja! Kofi limekwisha, lakini maana yake isisahauliwe. Kijana wa kipaimara asiachwe baada ya picha na pilau. Msimamizi wake amfuate. Amwulize, "Shule inaendaje? Kuna anayekusumbua?" Msimamizi anayeonekana siku ya sherehe tu amesimamia pilau.

Tena tunazo jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kuzifanya msingi wa kazi ya Kanisa. Nyumba chache za jirani zinakutana kila wiki, zinasoma Neno, zinasali, zinaulizana habari. Hiki ni kitu kizuri sana kwa watoto, kama wangekuwamo. Lakini tazameni inavyokuwa. Wakubwa wamekaa ndani kwenye mikeka, watoto wanafukuzwa nje wasipige kelele. Kwa nini mtoto wa darasa la tano asisome somo siku hiyo? Anasoma vizuri kuliko baadhi yetu, tusidanganyane. Akisoma mbele ya watu kumi na watano wanaomjua, mwaka kesho atasoma kanisani mbele ya watu mia tatu. Na kwa kusikilizwa namna hiyo anajifunza kwamba sauti yake ina thamani.

Wenzetu Wamoravian na Wapentekoste wana shule za Jumapili na kwaya za watoto. Wakatoliki wana Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanza Ufaransa mwaka 1843, ambalo watoto husaidia watoto wenzao kwa sala na kwa sadaka ndogo. Vyote hivi vinafaa. Mtoto aliyechukua kuni kumpelekea bibi kizee asiyejiweza, akaenda pamoja na wenzake wakiimba, amejifunza jambo ambalo mahubiri ya saa nzima hayawezi kumpa.

PALE TUNAPONYAMAZA

Sasa tunafika mahali pagumu. Tungeweza kuparuka, lakini somo lingekuwa la uongo.

Mnajua yanayotokea. Msichana wa shule anaharibiwa na mtu mzima. Pengine mtu huyo ni mjomba, au mwenye chombo cha uvuvi anayempa fedha, au mwalimu, au hata mtu anayeheshimiwa kanisani. Habari zinajulikana. Usiku wanakutana wazee wa pande mbili. Inatajwa fedha, au ng'ombe. Watu wanapeana mikono. Wanasema, "Tumemalizana kifamilia." Kesho yake yule mtu yuko kiti cha mbele kanisani, na msichana anaambiwa asiseme tena, asiiaibishe familia.

Hawa ndio Eli, lakini kwa upande wake mbaya. Eli aliwakemea wanawe kwa maneno, akawaacha mahali pale pale. Na katika hadithi hii yetu, Samweli ni nani? Ni yule msichana. Ametetemeka, amesema kweli yote, na wakubwa wameiuza kweli yake kwa ng'ombe. Halafu Jumapili tunamhubiria awe jasiri.

Ndugu wasomaji, sheria ziko wazi. Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Mambo haya hayamalizwi kwa kikao cha usiku. Tena tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi masomoni. Wazazi wengine bado hawajui hilo, wanamficha binti jikoni wakidhani njia imefungwa. Njia haijafungwa. Mpelekeni kwa mwalimu mkuu, mwulize.

Mtoto akija kukuambia jambo la namna hiyo, ufanyeje? Kwanza kaa chini. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize kwa kelele. Usimwulize, "Kwa nini ulikwenda huko?" maana swali hilo linamgeuza yeye kuwa mkosaji. Mwambie, "Umefanya vema kuniambia. Kosa si lako." Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kufika hospitali, maana daktari anahitaji kuona dalili. Mpeleke upesi, siku ile ile, kwa sababu zipo dawa za kuzuia maambukizo ya Ukimwi ambazo hazifai kitu zikipita saa 72. Toa habari polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kama huna pa kuanzia, piga simu namba 116. Ni simu ya kusaidia watoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikeni namba hiyo ukutani kwa mkaa, mahali mtoto anapoiona. Andikeni kubwa.

Padre, mchungaji na katekista nao wana kazi. Wawaambie watoto wazi, mbele ya wazazi, kwamba hakuna mtu mkubwa mno asiyeweza kusemwa akitenda uovu. Kanisa lenye kusema hivyo waziwazi linawapa watoto mkono wa Lwanga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Kwanza mmoja wenu asome kwa sauti Samweli wa Kwanza, sura ya 3, yote. Kama yupo mtoto anayeweza, asome yeye. Kisha mzungumze:

Kwa nini Samweli aliogopa kumwambia Eli? Watoto wa kijiji chetu wanaogopa kutuambia mambo gani?

Siku ulipoingia darasa la kisomo mara ya kwanza, nani alikushika mkono? Umewahi kumsimulia mwanao habari hiyo?

Mtoto wako akipata shida leo usiku, ataje watu wazima watatu anaoweza kuwakimbilia. Msimjibie. Mwulizeni mwenyewe, mhesabu majina atakayotaja.